Dada Asisumbuliwe

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Ni mimi mdogo wako, yule uliyempachika jina la Chiriku kwa kutojua kunyamaza, na leo nakuandikia kwa kalamu na karatasi kama watu wa zamani. Hujambo lakini? Kambi inaendeleaje? Bado mnakula vumbi na kunywa vumbi? Na yule mpishi wenu anayeunguza kila kitu mpaka chai, bado hajafukuzwa? Sisi huku nyumbani tu wazima. Mama anakusalimu sana. Goti lake limepoa kidogo, ila ulimi haujapoa hata chembe. Jana usiku kanisema mpaka tukalala kwa kuacha chakula, akauliza kama siku hizi nashiba kwa kutazama kompyuta. Nikacheka. Sikuwa na hamu ya kucheka.

Unanijua, nikiogopa naongea sana. Basi leo naogopa, Dada, naogopa vibaya. Kwa hiyo kabla sijaanza kukuzungusha nakuomba jambo moja. Aliyekukabidhi bahasha hii ni dereva wa lori la vipuri. Akishashusha mzigo anageuza. Rudi naye. Majibu ya kile kinyama walichokukata shingoni yametoka, na hospitali wanataka umwone daktari haraka. Kama huna nafasi ya kusoma mengine, panda lori, utasoma njiani.

Naona hapa nilipo ulivyokunja uso. Utasema kama kungekuwa na neno ungepata ujumbe kwenye simu, maana ndiyo kazi ninayojisifia kila siku mpaka watu wananikimbia. Utasema pia kwamba una vipimo vya barabara vya kumaliza, kwamba yule mkandarasi ni mkorofi, kwamba hicho kiuvimbe ni jasho na ukosi wa koti. Dada, tafadhali. Mara hii usinishinde kwa maneno.

Nimekupigia simu mpaka kidole kimechoka. Kila mara yule mama wa kwenye mtambo ananijibu kwamba hupatikani, kwa upole ule ule, hadi nimemchukia mtu ambaye hata si mtu. Nikaenda ofisini kwenu mjini. Karani akanieleza kwamba tangu kambi ihamie bondeni hakuna mtandao kabisa, kilichobaki ni redio, na redio yenyewe inalia kwenye kipaza sauti cha karakana ili kila mtu asikie. Nikamfikiria yule fundi wenu wa greda anayesambaza habari kuliko gazeti. Sikutaka habari za mwili wako zitangazwe kati ya oda ya matairi na oda ya dizeli. Karani akasema lori linaondoka leo. Nilitaka kuja mwenyewe, haki ya Mungu, lakini kiti cha abiria ni kimoja. Nikikikalia mimi kuja, wewe utarudi umekaa wapi, juu ya tairi bovu?

Basi sasa nikueleze yaliyotokea, na nakuomba uyasome kwa mpangilio, usirukie mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya shule.

Chumba chetu cha kompyuta unakijua, kile kilichopakana na dobi la hospitali. Upande mmoja mashine za kufulia mashuka zinatetemesha ukuta, upande mwingine kiyoyozi kinadondosha maji kwenye ndoo. Katikati ndipo ilipo seva, ile kompyuta kuu, na ndani yake ndimo ilimo skripti yangu, yaani maagizo niliyoiandikia. Sijui kama niliwahi kukueleza vizuri inafanya nini, maana kila nikianza ulikuwa unapiga miayo. Ni hivi. Daktari akiona majibu ya mgonjwa hayapendezi, anaweka alama kwenye mfumo. Skripti inaiona ile alama, inachukua namba ya simu ya mgonjwa, inakwenda kubisha hodi kwa kampuni moja ya wingu, yaani ya kompyuta za mtandaoni, iliyo mbali huko. Inaonyesha ufunguo wake wa siri, inasema tafadhali mpelekeeni mtu huyu maneno haya. Kampuni ikikubali inajibu mia mbili, ndiyo lugha yao ya kusema sawa tumepokea, na inatoa namba ya risiti. Hapo skripti inaandika kwenye mfumo kwamba ujumbe umetumwa. Maneno ni yale yale kwa kila mtu, hayataji ugonjwa: Tafadhali rudi hospitali haraka umwone daktari. Mwenye majibu mazuri haandikiwi kitu. Ndivyo hospitali ilivyoamua, kupunguza foleni.

Na imefanya kazi vizuri, Dada. Watu wamekuja hapa mbio wakiwa na simu mkononi, wakatibiwa, wakapona. Mkuu wangu wa kazi, yule tunayemwita Nywila kwa sababu anabadilisha manenosiri yetu kila anapoamka vibaya, alinisifu mbele ya mganga mkuu. Nilitembea wiki nzima kifua mbele.

Sasa juzi asubuhi akaja muuguzi wa kliniki ya upasuaji. Mwanamke mfupi, mkavu, haongei hadi awe na la kusema. Akaniambia kuna mgonjwa mmoja anamsumbua akili. Majibu yake yalishatoka zamani, mfumo unaonyesha ujumbe umetumwa, ukatumwa tena, na tena, lakini mtu hajatokea. Kumpigia hapatikani. Mwanzoni alidhani ni woga tu, maana wapo wanaosoma ujumbe wakajificha. Lakini huyu, akasema, alionekana mtu jasiri, alitania mpaka wakati wa kukatwa. Akaniomba nihakikishe kama kweli ujumbe ulifika.

Nikamjibu kwa kiburi, Dada. Nikamwambia mtambo wangu haudanganyi, ukisema umetuma umetuma, labda mgonjwa amebadilisha laini, labda amekula kona. Nikamtania kwamba aende akamtafute kwa waganga wa mizizi. Hakucheka. Aliacha kipande cha karatasi chenye namba ya faili tu, kwa sababu majina ya wagonjwa hatupewi sisi wa kompyuta, akaondoka. Nami nikaendelea na chai yangu.

Jana akarudi. Safari hii alisimama mlangoni, akasema hatoki hapo mpaka nitazame. Nikavuta kiti kwa kumridhisha tu. Nikafungua kumbukumbu za skripti, nikaitafuta ile namba ya faili. Ikatokea, bila namba ya simu, maana kumbukumbu zinaificha. Imetumwa, imetumwa, imetumwa. Nikageuka nimwonyeshe ili aone haya. Halafu jicho langu likaangukia safu ya risiti.

Haikuwa na kitu. Kila ujumbe unaotoka hapa una risiti ya kampuni ya wingu, ndefu kama jina la dawa. Huu haukuwa nayo. Nikamwambia muuguzi kwamba kosa ni la wale wa wingu, wamepokea ombi wakasahau kutoa risiti. Nikawaandikia papo hapo, kwa maneno makali kidogo. Wakajibu upesi kuliko nilivyotegemea, kwa adabu, kwamba wametazama kwao na hakuna aliyewahi kuwabishia hodi kwa ajili ya ujumbe huo. Siku hizo ufunguo wetu ulitumika kwa wengine wote, kwa huyo haukutumika kabisa.

Muuguzi akauliza maana yake nini. Nikaamua kuutuma tena ujumbe ule mmoja, peke yake, nikiwa nautazama. Kwa kawaida skripti inasubiri kidogo, maana safari ya kwenda na kurudi kwenye wingu haikosi kuchukua muda, hata kama ni mfupi. Mara hii haikusubiri. Nilipobonyeza tu ikajibu mia mbili, sawa, umetumwa. Ilijibu haraka mno. Yaani haikwenda popote. Ilijijibu yenyewe.

Dada, umewahi kusimama kwenye ngazi ukakanyaga kidato ambacho hakipo? Ndivyo nilivyokuwa. Nyuma ya ukuta mashine za dobi zilikuwa zinazunguka, muuguzi amesimama. Nilijua hapo hapo kwamba tatizo haliko kwenye wingu. Liko ndani ya skripti, na skripti nimeiandika mimi, kuanzia herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Nikaifungua nikaanza kuisoma kutoka juu. Nilisoma polepole. Sikutaka kufika.

Hapa ndipo ninapopaogopa, na ndiyo maana nimekuzungusha kurasa zote hizi. Basi acha niseme.

Unakumbuka mwaka jana, kabla hata hujaanza kushikashika hiyo shingo, nilipokuwa najaribu skripti kwa mara ya kwanza? Nilihitaji namba ya mtu wa kweli ya kujaribia, nikaweka yako, kwa sababu ndiyo namba pekee ninayoijua kwa kichwa mbali na yangu. Sikukuuliza. Wewe ulikuwa kazini, umesimama kwenye jua na darubini yako ya kupimia, simu ikaita mfukoni: tafadhali rudi hospitali haraka umwone daktari. Ulidhani ni Mama. Uliniambia ulikaa chini barabarani, wasaidizi wako wakadhani umepigwa na jua. Kabla hujajikusanya ukaja wa pili, wa tatu, wa nne, maana mimi huku nilikuwa narekebisha na kutuma, narekebisha na kutuma, napiga mluzi. Ukanipigia simu. Yale matusi siwezi kuyaandika humu, Mama anaweza kuiona hii barua. Ukamalizia kwamba nikikutumia tena ujumbe ule utakuja mwenyewe kuning'oa meno moja moja.

Nilicheka, Dada, na nilikuonea huruma pia, vyote pamoja. Badala ya kutafuta namba yako kila mahali nilipoiweka na kuitoa, nilichukua njia ya mkato. Niliandika mstari mmoja ndani ya skripti. Mstari unasema kwamba ikikutana na namba yako, isiende kubisha hodi kwenye wingu. Ijifanye imekwenda, iandike imetumwa, ipite. Na juu yake, kama tunavyofanya sisi ili mwenzio ajue mstari ni wa nini, nikaandika maneno mawili: Dada asisumbuliwe.

Nilikusudia kuufuta jioni ile ile. Sikuufuta.

Jana niliyasoma maneno hayo muuguzi akiwa amesimama nyuma yangu. Sikuhitaji kuitazama ile namba iliyofuata, lakini niliitazama. Nikamgeukia nikamwambia kwamba huyo mgonjwa ni dada yangu, na kwamba ni mimi niliyezuia ujumbe usimfikie. Nilitegemea anipe za uso, na nilitaka anipe, ningepata pa kupumulia. Hakunipa. Alifunga mlango polepole, akavuta kile kiti kibovu, akakaa, akauliza tu uko wapi. Dada, hapo ndipo nilipoogopa kuliko wakati wote. Mtu anayekasirika anaona bado kuna muda wa kukasirika.

Nikamwuliza ni ugonjwa gani. Akakataa kuniambia, na najua alikuwa na haki. Ni mwili wako, si wangu. Nikambembeleza, nikamshika mkono kama mtoto. Akasema daktari atakueleza wewe mwenyewe. Nikamwuliza kama tumechelewa. Akatazama ile ndoo ya maji ya kiyoyozi, akasema uje, na usije kliniki peke yako. Basi. Tangu hapo sijui naogopa nini hasa, na ndiyo adha yake. Kila ugonjwa ninaoujua kwa jina nimeshauugua kwa niaba yako tangu jana.

Na kuna jingine, lazima nilitoe lote. Ulipokuwa bado kambi ya zamani, ambako simu ilikuwa inashika vizuri, ulinipigia. Uliongea habari za mvua, za buti zako zilizopasuka, halafu kama mtu anayepitisha kitu chini ya meza ukaniuliza kama majibu yako hayajatoka. Sauti yako ilikuwa ndogo. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya seva. Ningenyoosha mkono tu. Nikakujibu kwamba usiposikia kitu ujue umepona, mtambo hausahau mtu, ungekuwa na neno ungeshakuambia. Nikakusikia ukishusha pumzi. Ukacheka, ukaniita fundi wangu. Nimetazama kumbukumbu: siku ile tulipoongea, skripti ilikuwa imeshaandika imetumwa.

Asubuhi hii nimemweleza Nywila kila kitu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Akaniambia nipitie ujumbe wa kila mgonjwa tangu mwanzo, mmoja mmoja, muuguzi akiwa pembeni, tuone kama yupo mwingine aliyekosa risiti. Mpaka ninapoandika hajaonekana mwingine. Ni wewe tu. Mimi niliyewafikishia watu wote habari zao nimekosa kumfikishia mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyenifundisha kusoma. Kuhusu kazi yangu hajasema kitu, na mimi sijauliza. Wakiniondoa wataniondoa. Naomba tu wasiniondoe kabla hujafika, maana nataka niwe nimesimama getini lori likiingia.

Mama sijamwambia. Nimemdanganya kwamba unakuja kupumzika. Ameanza kupekua shuka zako na kulalamika kwamba utakuwa umekonda. Utaamua mwenyewe umwambie nini. Mimi sitatangulia kusema tena jambo lako bila wewe. Kliniki muuguzi amekuwekea nafasi, amesema ukifika hata kama foleni imefika nje atakuingiza. Nitakaa nawe. Ukitaka ninyamaze nitanyamaza, ingawa hujawahi kuniona nikifanya hivyo. Ukitaka kuning'oa meno, ning'oe, nimeyastahili yote. Ila kwanza tumwone daktari.

Nisalimie wasaidizi wako wa vipimo, uwaambie wakutunzie darubini. Mpishi mwambie asiunguze chochote mpaka urudi, maana utarudi. Dereva ni mtu mwema, nimemwomba aendeshe taratibu kwenye makorongo na haraka kwenye lami, akaniahidi. Vaa koti, asubuhi kuna baridi.

Kabla sijafunga bahasha nimeufuta ule mstari. Halafu nimeutuma ujumbe wako tena. Safari hii skripti ilisubiri, nami nikasubiri nayo, ikaleta risiti. Kwa hiyo ujumbe wako sasa uko huko kwenye wingu, unakungoja. Mkishavuka daraja, mtandao utaanza kushika, na simu yako italia. Utakuwa ule ule, kwa maneno yale yale. Usiufute, Dada. Si mimi ninayejaribu. Ni wako.

Nakungoja getini.

Mdogo wako,
Chiriku